Kumfundisha Mkorea neno moja la Kiingereza kwa saa nzima

Mombasa ikiwa saa tisa alasiri, Seoul ni saa tatu usiku. Hapo ndipo wanafunzi wangu wanapofungua kamera. Wametoka kazini, wamekula, macho yamechoka, na mkononi wameshika kile kidaftari wanachokiita daneojang, daftari la msamiati. Kila ukurasa una safu mbili: kushoto neno la Kiingereza, kulia neno moja la Kikorea. Ndivyo walivyosoma tangu shuleni, maneno thelathini leo, thelathini kesho. Wengine hucheka wakikusimulia kkamji za utotoni, yaani karatasi uliyoijaza neno lile lile mpaka ikawa nyeusi tititi kwa wino.

Maneno, basi, wanayo. Nilipomaliza kidato cha nne sikuwa na nusu ya msamiati wa karani mmoja wa Busan. Shida ni kwamba kila neno limening'inizwa kwa uzi mmoja, ile tafsiri ya safu ya kulia, na uzi ukikatika neno limekwenda. Kwa hiyo mara moja kwa wiki hatuhesabu maneno. Tunachukua moja na kukaa nalo saa nzima: leo lina maana gani, lilizaliwa wapi, lilipitia wapi, ndugu zake ni nani. Wakorea wana jina la jambo hili, eowon, chanzo cha neno, wala hawahitaji kubembelezwa kulipenda.

Nayaandika haya kwa Mswahili mwenzangu anayefundisha Kiingereza Wakorea. Wengi wetu tunafanya kazi hiyo kwa video, maana viza ya E-2, ile ya kwenda kufundisha Kiingereza Korea, hutolewa kwa raia wa nchi 7 tu, na ya Afrika kati yao ni Afrika Kusini peke yake. Nitatumia neno moja tangu mwanzo hadi mwisho: cunning. Ukishaona njia, utaipitisha kwenye neno lolote.

Hatua ya 1: Chagua neno ambalo Mkorea tayari analo nyumbani

Kikorea kimejaa maneno ya Kiingereza yaliyobadilika tabia baada ya kuhamia. Wenyewe wanayaita konggeullisi, na huwa wanayaonea haya kidogo, jambo ambalo mimi nalipinga kila siku. Miting kwao si mkutano wa ofisini pekee. Kwa mwanafunzi wa chuo ni matembezi ya kundi la vijana wa kiume na la kike wanaokutanishwa ili watafute wapenzi. Seobiseu ni kile ambacho mwenye mkahawa anakuletea mezani bila kukilipisha, nyongeza tunayoijua sisi sokoni. Mengine wanadhani ni Kiingereza kumbe siyo. Areubaiteu, kibarua cha muda ambacho vijana wamekifupisha kuwa alba, ni Kijerumani, Arbeit. Ppang, mkate, ni Kireno kilichopitia Japani.

Maneno haya ndiyo mazuri kuanza nayo, kwa sababu mwanafunzi haingii kama mgeni. Ana kitu mkononi. Hata kama ni kitu chenye kasoro, ni chake.

Keoning (커닝) ni mojawapo. Ni cunning ya Kiingereza, ila kwa Kikorea ina maana moja tu: kuangalizia kwenye mtihani. Na keoning peipeo ni kile kikaratasi cha majibu kinachofichwa kwenye soksi. Kenya tunakiita mwakenya, jina lililotoka kwa vuguvugu la siri la miaka ya 1980 lililosambaza karatasi zake kwa kificho wakati wa utawala wa chama kimoja. Mwambie mwanafunzi hadithi hiyo. Atafurahi kusikia kwamba si Wakorea peke yao walioliokota neno kubwa na kulitia kwenye soksi la mtahiniwa.

Hatua ya 2: Jiandae usiku uliotangulia

Fungua kamusi tatu, si moja. Ya kwanza ni ile ya Kiingereza na Kikorea iliyo kwenye Naver, tovuti kubwa ya Wakorea, kwa kuwa ndiyo mwanafunzi wako atakayoifungua chini ya meza huku akijifanya anakutazama. Ujue mapema itamwambia nini. Ya pili ni kamusi sanifu ya Kikorea ya taasisi ya taifa ya lugha, ambayo kwa kila neno la mkopo huonyesha lilikotoka. Ya tatu ni kamusi ya Kiingereza inayotaja wakati ambapo neno lilianza kuonekana kwenye maandishi; Merriam-Webster hufanya hivyo bure, na Etymonline nayo inasimulia safari ya neno kwa lugha fupi.

Kamusi mbili zikikubaliana kuhusu asili ya neno, lichukue. Zikigombana, achana na sehemu wanayogombania na ufundishe wanayokubaliana.

Hatua ya 3: Mwache aseme maana aliyonayo, kisha mpe neno sahihi la maana hiyo

Uliza tu: keoning ni nini? Halafu nyamaza. Hapa utapata masimulizi, kwa sababu mtihani kwa Mkorea si jambo dogo. Suneung, mtihani wa kuingia chuo kikuu, hufanyika Alhamisi moja ya Novemba, na wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza ndege haziruki wala kutua nchi nzima, ili kelele zisimkoseshe mtoto wa mtu jibu. Mwaka 2004 kulizuka kashfa ya watahiniwa waliopashana majibu kwa simu za mkononi. Mwenye umri wa miaka arubaini hivi anaikumbuka vizuri, na atakusimulia kwa Kiingereza kingi kuliko alichowahi kusema mwezi mzima.

Akishamaliza, mwambie waziwazi: Mwingereza ukimwambia He did cunning in the exam hataelewa. Maana hiyo kwa Kiingereza ni cheating, na kikaratasi ni cheat sheet, au crib sheet kwa Mwingereza wa makamo. Nampa pia kionjo cha asili ya cheat, kwa sababu ni tamu na haichukui dakika mbili. Zamani liliitwa escheat: mtu akifa bila mrithi, ardhi yake ilirudi kwa bwana mkubwa, na kulikuwa na maofisa wa kuifuatilia. Walivyoifuatilia ndivyo jina la kazi yao lilivyogeuka kuwa jina la udanganyifu.

Neno lilifikaje Korea? Lilipitia Kijapani, kanningu, kama mengi ya kizazi chake. Japani iliitawala Korea kuanzia 1910 hadi 1945. Litaje hilo kwa sauti ya kawaida na uendelee. Si mwalimu wa Mombasa atakayemfundisha Mkorea historia ya ukoloni wake, na wala hapendi kukumbushwa na mgeni kwamba neno alilokua nalo lilishuka kutoka meli ya Wajapani. Akitaka kuzungumza, atazungumza mwenyewe.

Hatua ya 4: Maana ya leo kabla ya maana ya jana

Hatua hii niliijua kwa kuumia. Mara ya kwanza nilipofundisha cunning nilianza na asili, kwa sababu ndiyo iliyonisisimua. Nikasema kwa mbwembwe kwamba neno hili linatokana na kujua, kwamba mtu cunning zamani alikuwa mjuzi, fundi, bingwa. Mwanafunzi akaandika yote. Wiki iliyofuata akanionyesha ujumbe aliomwandikia meneja wake mgeni wa kumuaga: amejifunza mengi kutoka kwake, kwani meneja ni a very cunning leader. Alikuwa ameshautuma.

Tangu siku hiyo mpangilio wangu haubadiliki. Kwanza neno linavyotumika leo, na mtu aweze kulitumia bila kujiaibisha. Asili inakuja baadaye, kama mzizi unaoonyeshwa mtu ambaye tayari ameona mti.

Leo cunning ni akili ya kupata unachotaka kwa njia ya kuzunguka, mara nyingi kwa kumficha mwenzako unachokusudia. Daneojang itasema gyohwalhan, yaani mwenye hila, basi. Hiyo ni kali mno. Chora mstari ubaoni. Mwisho mmoja andika yeongrihan, mwenye akili, sifa safi. Mwisho wa pili andika gyohwalhan. Cunning inakaa karibu na huo mwisho wa pili, lakini ina kicheko ndani yake. Mtu anaweza kuitwa cunning na msemaji akawa anamvulia kofia kimoyomoyo. Kiswahili kina neno linaloishi mtaa huo huo: werevu. Werevu wa sungura si uovu, wala si utakatifu.

Kwa kuwa maelezo ya namna hii hayashiki kichwani, tumia hadithi. Wakorea wote wanajua kisa cha sungura na kobe wa baharini, kinachoimbwa pia katika Sugungga, mojawapo ya pansori, masimulizi ya Kikorea ya kuimbwa. Mfalme Joka wa baharini anaugua na dawa ni ini la sungura. Kobe anatumwa nchi kavu, anamrubuni sungura mpaka kwenye kasri chini ya maji. Sungura akigundua anachotakiwa anasema kwa utulivu: ole wangu, ini nimeliacha nyumbani, nirudisheni nikalichukue. Wanamrudisha. Hiyo ikawa mara yao ya mwisho kumwona.

Ukikisikia lazima ushtuke, maana umekulia nacho. Kima na papa! Sultani mgonjwa, moyo wa kima, na kima juu ya mgongo wa papa akisema sisi mioyo yetu tunaiacha mtini. Visa vyote viwili vina babu mmoja India, kwenye hadithi ya kima na mamba. Kimoja kikaenda mashariki na dini ya Buda, kingine kikaja kwetu ng'ambo hii ya bahari. Mweleze mwanafunzi wako. Kisha umuulize: sungura yule ni cunning? Ndiyo. Tunamlaumu? Hapana, tunampigia makofi. Na kobe aliyemrubuni? Naye ni cunning, na huyo hatumpendi. Mwanafunzi mmoja mhasibu alifikiri kidogo akasema: kwa hiyo inategemea ini ni la nani. Sijaona kamusi iliyosema vizuri zaidi.

Malizia hatua hii na marafiki wa neno, yale linayoandamana nayo: a cunning plan, a cunning trick, cunning as a fox. Mbweha hana shida, kwani hata kwa Kikorea yeou, mbweha, ni mjanja. Na onyo moja: mtu aliye mbele yako, hasa aliyekuzidi cheo au umri, usimwite cunning hata kwa mapenzi.

Hatua ya 5: Sauti, kwa haraka

Tahajia rasmi ya Kikorea ni 커닝, yenye n moja, lakini wengi huandika 컨닝 na kutamka n mbili kwa sababu wanaziona mbili kwenye Kiingereza. Waambie tahajia yao rasmi ndiyo iliyo sahihi: kwa Kiingereza hizo mbili ni sauti moja, kazi yake ni kuonyesha tu jinsi irabu iliyotangulia inavyotamkwa. Irabu yenyewe, ile eo yao, iko karibu kuliko a yetu. Hapa mwanafunzi anakushinda wewe. Kubali na usonge mbele.

Hatua ya 6: Sasa mfungulie asili

Kiingereza cha kale, cha kabla ya Wanormani kuvuka bahari mwaka 1066, kilikuwa na kitenzi cunnan, kujua. Kitenzi hicho kilizaa watoto wengi, na wawili ndio wa kushika.

Wa kwanza ni can. Ndiyo, lile lile la I can swim, ambalo mwanafunzi wako amelitumia tangu akiwa na miaka kumi bila kuliuliza kitu. Asili yake si kuweza, ni kujua. Na Kikorea kinasema hivyo hivyo mpaka leo: suyeonghal jul arayo, ukiifungua ni "najua namna ya kuogelea", na ndani yake mmelala alda, kujua. Nasi je? Hatusemi naweza kuogelea tukimaanisha ufundi. Tunasema najua kuogelea. Lugha tatu zisizo na undugu zimefikia jambo moja kila moja kwa njia yake. Wacha sekunde kadhaa zipite hapa. Nyuso hubadilika.

Wa pili ni cunning yenyewe, ambayo kwa umbo ni "anayejua", kama running ilivyo "anayekimbia". Katika karne ya 14 ilikuwa sifa njema, ya msomi na fundi. Ushahidi rahisi kuupata ni Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Mwanzo 25:27 inamwita Esau a cunning hunter. Hana hila yoyote pale. Mwenye hila katika familia ile tunamjua. Biblia yetu ya Kiswahili inasema ajuaye kuwinda, na ya Kikorea inasema iksukhan sanyangkkun, mwindaji aliyeizoea kazi yake. Lakini fungua 2 Petro 1:16 katika Biblia hiyo hiyo ya 1611: cunningly devised fables, ambazo kwetu ni hadithi zilizotungwa kwa werevu. Kitabu kimoja, mwaka mmoja, na neno tayari lina nyuso mbili. (Mwanafunzi asiye Mkristo, nao ni wengi, hana haja ya mistari hii. Mpe cunning man na cunning woman wa vijijini Uingereza: waganga walioendewa mali ikipotea au ng'ombe akirogwa. Nao walikuwa "wajuao".)

Kwa nini sifa iligeuka kuwa shutuma? Usitoe hotuba. Mpe ndugu wenzake waliopita njia hiyo: craft ilikuwa nguvu, ikawa ufundi, lakini crafty leo ni mwenye hila, art ni sanaa, na artful imeishia huko huko. Kisha mpe mfano wa nyumbani kwako. Kutokana na kujua Kiswahili kimepata mjuzi, na kimepata mjuaji. Mwite mtu mjuzi, atatabasamu. Mwite mjuaji uone. Tofauti ni silabi tu, lakini ni ile ile iliyomchukua Mwingereza karne kadhaa.

Hatua ya 7: Mpeleke kwa ukoo mzima, akitumia hanja yake

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayomtofautisha mwanafunzi Mkorea na wengine niliofundisha. Kikorea kimejengwa kwa sehemu kubwa ya msamiati wake juu ya mizizi ya Kichina inayoitwa hanja, kama sisi tulivyojenga somo, msomi, msomaji na kisomo juu ya -som-. Hata kijana asiyeweza kuandika hanja anahisi mizizi hiyo. Kwa hiyo usimweleze mzizi wa neno ni nini. Anajua. Muulize tu ataje maneno yenye ji (知), kujua.

Atataja jisik, maarifa. Muji, ujinga. Inji, utambuzi. Jiin, mtu unayejuana naye. Tongji, taarifa unayopelekewa. Andika kwa mstari wima, kisha pembeni ya kila moja weka Kiingereza chake: knowledge, ignorance, cognition, acquaintance, notice.

Halafu mwambie kwamba safu ya Kiingereza nayo ni ukoo mmoja. Yote matano yanarudi kwenye mzizi mmoja wa kale sana ambao wataalamu wanauandika gno-, kujua. Cunning na can ni wa ukoo huo pia. Ignorance ilitoka Kilatini, ile in- ya kukanusha mbele ya "kujua", sawasawa na mu ya muji. Acquaintance ilipitia Kifaransa. Notice ilianzia notus, "kilichojulikana". Ukitaka kumkamilishia, ongeza diagnosis ya daktari, iliyotoka Kigiriki. Na usikose safu ya tatu, ya kwetu: kujua, kutojua, kutambua, kujuana, kujulisha. Kati ya matano, manne tumeyajenga juu ya -jua, na lile moja lililotutoroka, kutambua, mwanafunzi atakuonyesha kwa kidole kabla hujasema.

Swali litakuja, na ni zuri: mbona moja lina kn, jingine gn, jingine c? Jibu kwa ufupi. Zamani za kale, lugha zilizokuja kuwa Kiingereza na Kijerumani ziliigeuza g kuwa k, ilhali Kilatini kilibaki na g yake. Jacob Grimm, mmoja wa wale ndugu wa hadithi za watoto, aliipanga kanuni hiyo mwaka 1822. Ndiyo maana goti kwa Kilatini ni genu na kwa Kiingereza ni knee. Punje ni granum na corn. Ukoo ni genus na kin. Na ile k ya know na knee, ambayo Mkorea huilaani kwa sababu haitamkwi, ilitamkwa. Waingereza waliacha kuitamka, wakasahau kuifuta kwenye karatasi.

Dakika kumi na tano hapa si nyingi. Ukiona saa inakukimbiza, punguza kwingine.

Hatua ya 8: Mtege

Mwanafunzi aliyeonja asili ya maneno huanza kuiona kila mahali. Ni dalili njema, na ni hatari. Mpe mtego kabla hajajitega.

Muulize: con man, tapeli, je, ni ndugu wa cunning? Karibu wote husema ndiyo. Sauti zinafanana na maana zinashikana mikono. Kumbe con hiyo ni kifupi cha confidence, kuaminiana. Mwaka 1849 mjini New York alikamatwa William Thompson, aliyekuwa na mtindo wa kumsimamisha mtu asiyemjua, kumzungumzisha kiungwana, kisha kumuuliza kama ana imani ya kutosha kumwachia saa yake mpaka kesho. Magazeti yakamwita the confidence man. Wakati huo huo ipo con nyingine, ya kizamani, yenye maana ya kusoma mpaka ukariri, na hiyo kweli ni ya ukoo wa cunnan. Mbili zinafanana kama pacha na hazijuani.

Atakuelewa upesi ukimrudisha kwenye ji yake: ji ya jihacheol, treni ya chini ya ardhi, si kujua, ni ardhi, na hanja yake ni nyingine. Mimi humalizia na yetu. Jua la angani na kujua kwa kichwa vinatamkwa sawa, na kuna mshairi gani asiyewahi kutamani viwe kitu kimoja? Havina undugu.

Hatua ya 9: Sentensi zake, si zako

Ukiuliza umeelewa? atajibu ne, ne. Usilipokee jibu hilo. Ne ni ndiyo, lakini mara nyingi maana yake ni "nakusikia, mwalimu", na heshima haimruhusu kukwambia kwamba umemwacha njiani tangu Hatua ya 6. Badala yake omba sentensi tatu. Moja kuhusu mnyama au mhusika wa hadithi. Moja kuhusu mpango, wake mwenyewe au wa mtu wa kazini asiyetajwa jina. Ya tatu iwe na cheating, ili keoning ya zamani na cunning mpya zisije zikakutana tena kwenye chumba kimoja.

Kisha aifungue daneojang, na pale penye cunning, safu ya kulia, akate lile neno moja. Achore mti mdogo: kujua chini, can na cunning kwenye tawi moja, knowledge na wenzake kwenye mengine, sungura ameketi juu. Ukurasa utachafuka. Muulize kuhusu mti huo kesho yake kwa ujumbe mfupi, tena baada ya siku tatu, tena somo linalofuata kabla hamjasalimiana vizuri.

Na kabla hujazima kamera, mpe neno la wiki ijayo aende akalichimbe mwenyewe. Mimi hutoa talent. Kwa Kikorea taelleonteu ni muigizaji wa televisheni. Kwa Kigiriki, lilikoanzia, ni uzito uliowekwa kwenye mizani, baadaye fedha ya uzito huo, ile waliyoachiwa watumwa katika Mathayo 25. Sehemu hiyo usimwambie. Mwambie tu arudi na majibu mawili: muigizaji alipandaje kwenye mizani, na kwa nini mwalimu wake, akitaka kusema mtoto ana kipaji, humwita mwenye talanta.